Kibaha Katika Aya Moja

Kila tasnifu ya afya ina aya moja isiyosomwa na mtu. Huwa katika sura ya tatu, chini ya kichwa "Eneo la Utafiti", na huandikwa kwa namna moja, yakibadilika majina tu: wilaya iko mashariki mwa nchi, imepakana na hii upande wa kaskazini na ile upande wa kusini, ina kata kadhaa na vijiji kadhaa, wakazi wake wengi ni wakulima na wafanyabiashara wadogo wadogo. Inafuata latitudo na longitudo, inafuata ramani yenye mshale wa kaskazini, basi. Mwandishi anashusha pumzi na kuhamia kwenye ukubwa wa sampuli, kwa kuwa anajua huko ndiko msahihishaji atakakomkaba.

Nimezisoma nyingi kwa sababu mbili. Ya kwanza, nachukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Ya pili, naishi Kibaha, na Kibaha inapendwa na watafiti. Kutoka Dar es Salaam ni kilometa 40 hivi kwa Barabara ya Morogoro. Mtafiti anaweza kuondoka asubuhi, akahoji kaya kadhaa Visiga na Mlandizi, na jioni akala kwake. Hakuna ubaya katika hilo. Fedha za utafiti ni chache na mafuta ni ghali. Ila sijawahi kuona tasnifu iliyosema hivyo. Kwenye aya, Kibaha "imechaguliwa kwa makusudi", na makusudi yenyewe yanabaki moyoni mwa mwandishi.

Nataka kuihakiki aya hiyo kama tunavyohakiki mandhari katika riwaya. Tangu sekondari tumefundishwa kwamba mandhari si pambo: ukimhamisha mhusika kutoka kijijini kwenda mjini, au kutoka mwaka huu kwenda mwaka ule, hadithi yenyewe inabadilika. Nadai kwamba ripoti ya utafiti ni hivyohivyo. Aya tunayoiruka ndiyo inayobeba swali zito kuliko yote: haya yaliyoonekana hapa, yana haki gani ya kusemwa kwingine?

Mwanafunzi wa mbinu za utafiti hukutana mapema na jozi ya maneno, uhalali wa ndani na uhalali wa nje. Uhalali wa ndani unauliza kama tofauti tuliyoiona kati ya makundi mawili imeletwa kweli na kile tulichokifanya, wala si na jambo jingine lililojipenyeza. Uhalali wa nje unauliza kama tofauti hiyo ingeonekana kwa watu wengine, mahali pengine, wakati mwingine. Waliotuachia jozi hii katika sura yake maarufu ni Wamarekani wawili, Donald Campbell na Julian Stanley, katika maandishi yao ya mwaka 1963 kuhusu utafiti wa elimu. Waliuweka uhalali wa ndani kama sharti la kwanza, kisha wakakiri kwamba swali la uhalali wa nje halijibiki likaisha.

Mwaka huohuo wa 1963, hapa Kibaha, nchi za Nordic zilianza mradi uliounganisha shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Serikali ilikabidhiwa mwaka 1970, na leo tunauita Shirika la Elimu Kibaha. Ni sadfa tu ya miaka, lakini sadfa inayonipendeza: wakati nadharia inaandikwa ng'ambo, huku kwetu palikuwa panajengwa mahali ambapo jambo lingefanywa kwanza, watu waje walione. Mji huu umezoea kujaribiwa.

Sasa tuingie kwenye maandishi yenyewe. Nitayasoma matatu, na nitaanza mbali na nyumbani kwa sababu huko ndiko somo lilikoandikwa kwa herufi kubwa.

*

Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha ripoti kutoka Mwanza, mwandishi wa kwanza akiwa Heiner Grosskurth. Jamii 12 za vijijini ziligawanywa katika jozi sita, na katika kila jozi bahati nasibu iliamua nani aanze. Waliotangulia walipata huduma bora ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyao vya kawaida: wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa zipo, wasimamizi walipita mara kwa mara, na watu walihimizwa kwenda kutibiwa mapema. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwa waliopata huduma hiyo na asilimia 1.9 kwa wenzao. Punguzo la kama asilimia 40, bila chanjo na bila teknolojia mpya. Dunia ilishangilia, na ilikuwa na haki.

Miaka minne baadaye, jarida lilelile lilichapisha ripoti ya Rakai, upande wa pili wa ziwa, mwandishi wa kwanza akiwa Maria Wawer. Huku waliamua kutosubiri mgonjwa aje kituoni. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi wakiwapa watu wazima wote dawa kali za magonjwa ya zinaa, awe na dalili au asiwe nazo. Kundi linganishi lilipewa dawa za minyoo na vitamini. Maambukizi mapya ya VVU yakawa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Katika kundi gani? Katika yote mawili. Tofauti haikuwepo.

Tazama jinsi wasomaji walivyoingia mtegoni. Swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa nani kakosea. Ni swali la uhalali wa ndani: kama majibu hayalingani, mmoja wao hakupima sawasawa. Lakini ukizisoma ripoti zote mbili kwa makini huoni uzembe. Zote ziligawa kwa bahati nasibu, zote zilipima damu, zote zilihesabu kwa uaminifu. Kila moja ilikuwa kweli pale ilipofanyika.

Jibu lilipatikana baadaye, kwa sehemu kubwa, katika mambo ambayo mtu angeyaweka kwenye aya ya eneo la utafiti. Mwanza wakati ule, watu wazima wenye VVU walikuwa kama asilimia 4. Rakai walikuwa asilimia 16. Namba hizo ni historia iliyofupishwa. Rakai ni miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huu ulijitokeza mapema kabisa Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia wakati wa jaribio, watu walikuwa wameshazika ndugu kwa zaidi ya miaka kumi na mienendo ilikuwa imeanza kubadilika. Virusi vilikuwa vimeshaenea hadi ndani ya ndoa, na sehemu kubwa ya maambukizi haikuhitaji tena kisonono au kaswende kuifungulia njia. Vidonda vingi vya sehemu za siri vilitokana na virusi vya hepesi, ambavyo dawa zile haziviponyi. Mwanza, ugonjwa ulikuwa bado mchanga, na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa bado ndiyo daraja lake. Mwanza walibomoa daraja lililokuwa linapitwa. Rakai walibomoa daraja baada ya msafara kuvuka.

Jaribio lenyewe pia lilikuwa tofauti. Kumtibu anayekuja na maumivu siku anapoyapata si sawa na kumgawia kila mtu kidonge mara moja kwa miezi kumi. Lakini uchambuzi wa miaka iliyofuata, uliotumia mifano ya kihisabati kulinganisha majaribio hayo na la Masaka, uliegemea zaidi upande wa watu na wakati kuliko upande wa mbinu.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kusoma kama mhakiki. Ile asilimia 4 na ile asilimia 16 hazikufichwa. Zilikuwemo katika ripoti tangu siku ya kwanza, zimeandikwa kama hali ya awali. Zilikaa pale kama bunduki iliyotundikwa ukutani katika tamthilia, na wengi wetu tuliisoma kama samani.

*

Maandishi ya pili yananigusa zaidi kwa sababu Kibaha imo. Mwaka 2016, Kibaha ilikuwa moja ya vituo vinne, pamoja na Mkuzi, Mlimba na Ujiji, vilivyotumika kupima kama dawa mseto, yaani ALu, bado inaponya malaria isiyo kali kwa watoto. Nchi hufanya vipimo vya namna hii mara kwa mara, na ni kazi ya heshima. Bila vipimo hivyo tusingejua lini dawa imechoka. Matokeo yalikuwa mazuri. Baada ya siku 28, tiba ilihesabiwa kuwa imefaulu kwa zaidi ya asilimia 95 ya watoto.

Sasa angalia jinsi ukweli huo unavyotengenezwa. Kwa mwongozo wa WHO, mtoto mwenye dalili za hatari haingizwi. Mwenye ugonjwa mwingine wa homa haingizwi. Mwenye utapiamlo mkali haingizwi. Aliyeingia humeza dawa mbele ya mhudumu. Akitapika ndani ya nusu saa hupewa nyingine. Anarudi siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya saba, hadi ya 28, na asiporudi anafuatwa nyumbani. Kila kanuni hapo ina sababu, na sababu ni moja: vimelea vikibaki, tuwe na hakika kwamba dawa ndiyo iliyoshindwa, si mama aliyesahau wala tumbo lililotapika. Uhalali wa ndani hupatikana kwa kuifukuza dunia nje ya chumba.

Lakini dunia ikifukuzwa haifi. Inasubiri mlangoni. Dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu, na inafyonzwa vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta. Mtoto wa Kibaha asiye kwenye utafiti anapewa pakiti, na mama anarudi nayo nyumbani. Dozi ya kwanza na ya pili zinamezwa kwa hofu. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza, na vidonge vilivyobaki vinaonekana kama akiba kwa mdogo wake. Anayeijua nyumba ya Kiswahili anaijua kopo hiyo juu ya kabati. Kwa hiyo sentensi "dawa inaponya asilimia 95 Kibaha" haikuhusu Kibaha yote. Ilihusu Kibaha iliyoketi kwenye benchi la kituo cha afya, ikiangaliwa inavyomeza.

Kuna jambo jingine la kiuandishi linalonisumbua zaidi. Mtoto akirudi siku ya 21 akiwa na vimelea tena, damu yake hupimwa vinasaba. Kama vimelea ni vilevile vya mwanzo, dawa imeshindwa. Kama ni vipya, dawa haihesabiwi kuwa imeshindwa; mtoto ameambukizwa upya. Kisayansi hiyo ni sawa kabisa, na mimi ningefanya hivyohivyo: huwezi kuilaumu dawa kwa mbu wa wiki iliyopita. Ila tazama nani anasema ndani ya sentensi hiyo. Kwa mama, homa ni ileile. Nauli ya bodaboda ni ileile. Siku ya kazi iliyopotea ni ileile. Katika jedwali la matokeo, mtoto huyu anaondolewa kwenye safu ya walioshindwa na msomaji hamsikii tena. Jedwali linajibu swali la dawa na kulinyamazia swali la mahali: kwa nini mtoto wa hapa anaumwa tena ndani ya wiki tatu?

Na mahali hubadilika. Mwaka 2022, watafiti walipofanya kipimo cha namna hii Karagwe, mkoani Kagera, waliona vimelea vikichelewa kutoka kwenye damu, na ndani ya vimelea hivyo wakakuta badiliko la kijenetiki linaloitwa R561H, ambalo lilikuwa limeshaonekana jirani, Rwanda. Matokeo yalichapishwa 2024. ALu bado iliwaponya wagonjwa wengi kule, kwa sababu dawa mwenza iliyomo ndani yake ilikuwa ingali na nguvu. Lakini nguzo moja ya nyumba ilikuwa imeanza kuliwa na mchwa. Kutoka Kibaha hadi Karagwe ni zaidi ya kilometa 1,000. Kutoka Karagwe hadi mpaka wa Rwanda ni mwendo mfupi. Vimelea havisomi jina la nchi juu ya ripoti. Mtu aliyeandika "Tanzania" pale alipopaswa kuandika "vituo vinne, mwaka 2016" hakusema uongo. Alifupisha, na ufupisho ule ulimpa msomaji hakika ambayo ripoti yenyewe haikuwa nayo.

*

Maandishi ya tatu si ripoti moja. Ni safari ya wazo, kutoka Dar es Salaam hadi hapa na kwingineko.

Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini. Kuanzia 2006 dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu, inayotokana na bakteria, ilianza kunyunyizwa katika kata tatu kati ya 15 za mpango, kisha ikaongezwa kwingine. Kinachonivutia ni namna kazi ilivyofanyika. Wakazi wenyewe walipewa maeneo kwa kufuata mipaka ya mabalozi wa nyumba kumi. Ramani zilichorwa, picha za angani zikatumika, na kila wiki mtu alipita mtaro kwa mtaro, dimbwi kwa dimbwi. Tathmini iliyochapishwa 2013 ilikadiria kwamba unyunyizaji uliambatana na punguzo la asilimia 21 la maambukizi ya malaria. Ni matokeo ya kuheshimika kwa jiji lenye mitaro iliyoziba.

Mwaka 2015 kiwanda cha kutengeneza dawa za aina hiyo, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kilizinduliwa hapa Kibaha na Rais Jakaya Kikwete. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuagiza halmashauri za nchi zinunue dawa yake. Sina ugomvi na kiwanda. Vijana wa mtaani kwetu wanahitaji ajira, na nchi inahitaji kutengeneza vitu vyake. Ninachohakiki ni sentensi iliyosafiri: "dawa hii inapunguza malaria." Ilipotoka Dar ilikuwa na mwili mrefu: dawa hii, ikinyunyizwa kila wiki na mtu anayelijua eneo lake, katika jiji lenye mabalozi, ramani na wasimamizi, inapunguza malaria. Kufikia Kibaha imeshavuliwa nguo zote na kubaki kitenzi na yambwa.

WHO iliyavaa maneno yake vizuri zaidi. Ilishauri njia hii itumike kama nyongeza, pale ambapo mazalia ya mbu ni machache, yanakaa mahali pamoja, na yanapatikana kwa urahisi. Sifa tatu zinazotosha kuwa aya ya eneo la utafiti. Sasa nenda Maili Moja: mitaro ya barabara kuu, mashimo ya ujenzi, visima vichache; mtu anaweza kuvihesabu. Teremka hadi bonde la Ruvu, Mlandizi kwa ndani, wakati wa masika: maji kwenye majaruba, maji kwenye nyayo za ng'ombe, maji kwenye kila kibonde, leo yapo hapa na kesho yamehamia pale. Vuka hadi Kisarawe, kwenye vilima vyenye mikorosho, na picha inabadilika tena. Kiwanda kiko kilometa chache kutoka kote huko. Ukaribu wa kiwanda hauongezi hata chembe moja ya uhalali wa nje. Chupa iliyojazwa Kibaha inaweza kufaa zaidi Buguruni kuliko kijiji kilicho nyuma ya uzio wa kiwanda.

*

Najua pingamizi mbili, na zote mbili zina uzito.

Ya kwanza ni ya walimu wangu wa takwimu: uhalali wa ndani lazima utangulie, kwa kuwa jambo ambalo si kweli hata pale lilipopimwa, haliwezi kuwa kweli popote. Nakubali bila kubakiza. Sitetei utafiti wa hovyo uliojaa rangi ya mahali. Simulizi tamu kuhusu kijiji haiwezi kuchukua nafasi ya kundi linganishi. Mwanza na Rakai zinatufundisha kwa sababu zote mbili zilikuwa imara ndani. Zingekuwa dhaifu, tungelaumu vipimo na tusingejifunza lolote kuhusu mahali.

Ya pili inatisha zaidi. Ukisisitiza sana mahali, unampa kila mkaidi silaha. "Huku kwetu ni tofauti" ni sentensi inayoweza kukataa chanjo, dawa, chandarua, chochote. Tumeisikia kwa viongozi na tumeisikia kwenye vijiwe vya kahawa. Mtu anaweza kuukana ushahidi wote wa dunia kwa kusema tu kwamba ulitoka kwingine.

Jibu langu kwa hili ni kipimo kimoja, na ndicho ninachoomba tukitumie tunaposoma aya zile. Tofauti ya mahali ina maana pale tu inapotajwa njia ambayo kwayo ingebadilisha matokeo. Asilimia 16 ya Rakai inapita mtihani: inaeleza kwa nini kutibu kisonono hakukupunguza VVU. Nyayo za ng'ombe za Ruvu zinapita: zinaeleza kwa nini mnyunyizaji wa kila wiki hatashinda. Kabati la nyumba ya Kiswahili linapita: linaeleza vidonge vinne vilikwenda wapi. Longitudo haipiti. "Wakazi wengi ni wakulima" haipiti, mpaka useme ukulima huo unamtoa mtu nyumbani saa ngapi na kumlaza wapi. Na "huku kwetu ni tofauti", peke yake, haipiti kabisa. Anayelisema adaiwe njia. Akikosa, ameshindwa hoja.

Kipimo hiki kinakata pande zote mbili. Kinamkatalia mkaidi, na kinamkatalia pia mtafiti anayemaliza tasnifu kwa sentensi ile ya mazoea, kwamba matokeo "huenda yasiwakilishe maeneo mengine kwa sababu utafiti ulifanyika wilaya moja." Sentensi hiyo inaonekana kama unyenyekevu, lakini haimsaidii mtu. Maeneo gani? Kwa sababu gani? Mganga mkuu wa wilaya ya jirani akiisoma, afanye nini kesho asubuhi? Ni kama mpishi anayekuambia chakula huenda kikakudhuru bila kusema kimetiwa karanga.

Wapo wanaoandika vizuri zaidi, na umbo la makala halikuwazuia. Ripoti ya chanjo ya malaria ya R21, iliyochapishwa 2024, ilihusisha watoto zaidi ya 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania; kituo chetu kilikuwa Bagamoyo, mkoa huuhuu wa Pwani. Waandishi wangeweza kutupa namba moja ya kuwekwa kwenye vichwa vya habari. Walitoa mbili. Pale ambapo malaria huja kwa msimu na chanjo ilitolewa kabla ya msimu, kinga kwa mwaka mmoja ilikuwa asilimia 75. Pale ambapo ugonjwa upo mwaka mzima, kama Bagamoyo na Kilifi, ilikuwa asilimia 68. Tofauti si kubwa, lakini muundo wa sentensi umebadilika: mvua na kalenda vimeingia kwenye matokeo. Mandhari yametoka sura ya tatu na kuingia kwenye tendo.

Ndiyo maana sioni kwamba tatizo ni la sayansi peke yake. Ni la uandishi, na ni letu tunaoandika sasa. Tunajua kuandika mahali. Tunaandika hadithi na insha ambazo msomaji ananusa ndani yake vumbi la Picha ya Ndege na samaki wa Kongowe. Kisha tunafungua faili la tasnifu, na mji uleule unageuka kuwa mipaka minne na idadi ya kata.

Aya ya Kibaha ninayotaka kuisoma ingekuwa fupi vilevile. Ingesema kwamba kuna Kibaha mbili, ya barabarani na ya bondeni, na kwamba utafiti uliifikia ya kwanza zaidi kwa sababu ina lami. Ingesema kwamba wengi wa barabarani huondoka alfajiri kwenda Dar na kurudi usiku, kwa hiyo mhoji aliyebisha hodi saa nne asubuhi aliwakuta wazee, wanawake wenye watoto wachanga na waliokosa kazi, na majibu yao ndiyo yanayoitwa "wakazi". Ingesema kwamba wagonjwa wenye uwezo hupita kituo cha jirani na kwenda moja kwa moja Tumbi, au mjini kabisa, hivyo waliopatikana zahanati ni wale waliobaki. Ingesema mwezi, kwa sababu Kibaha ya Aprili na Kibaha ya Septemba hazina mbu sawa. Na ingesema waziwazi: tulikuja hapa kwa kuwa ni karibu.

Sentensi tano au sita. Haziongezi hata ukurasa mmoja. Lakini mganga wa Kisarawe akizisoma atajua achukue nini na aache nini, na mama mwenye pakiti ya dawa mseto mkononi atakuwa ameandikwa mahali fulani katika ushahidi unaotumiwa kuamua habari zake.